Akisema Hivi, Inuka

Tulikuwa tunanawa mikono baada ya kumzika wifi yangu Skolastika, maji ya beseni yameshakuwa mekundu kwa udongo wetu wa Kibondo, ndipo mke wa katekista aliponisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Fidelisi, na ile sauti yake iliyomo kwenye simu za manesi, itafutwa lini?" Nikaendelea kusugua kucha ambazo zilikuwa zimeshatakata. Akaongeza, "Marehemu aachwe apumzike. Mtu hawezi kuwa ardhini huku anaongea kule Kasulu." Tangu siku ile usingizi ukawa wa kubahatisha, maana mimi ndiye niliyemwingiza Skolastika kwenye hizo simu, na kama kuna dhambi ndani yake ni yangu. Waliosoma wakiandika maisha yao huchagua mwaka mmoja wa ujana, mwaka wa shule au wa kuposwa. Mimi shule niliishia darasa la nne, na posa yangu haina cha kusimulia, ilikuja nikiwa shambani na ikaondoka kabla sijarudi. Mwaka ulionifundisha ulinikuta nina mvi tayari na meno ya kuhesabu. Ndio ninaouandika hapa, kwenye daftari la mistari, na nikipotea njia mnivumilie, nitarudi.

Mwaka ule zahanati ya kijijini kwetu ililetewa nesi mpya, Zuhura, binti wa Tanga, mweupe wa meno, mwepesi wa kucheka, anavaa mtandio hata akichota maji. Kiha chetu hakujua hata cha kuombea chumvi. Sasa kwetu si kama mjini, ambako wenye maduka huongea Kiswahili cha pwani na kila mtu akajitutumua kuwajibu. Kwetu wako kina mama wanaokuja kujifungua na Kiswahili chao kinaishia kwenye "shikamoo". Zuhura alikuwa akiwauliza, wao wanatikisa kichwa, na yeye hajui kichwa kile kinakubali au kinakataa. Wiki ya pili akaja jikoni kwangu. Nilikuwa nasonga ugali wa muhogo, maharage yako pembeni yamewekwa mawese, na yeye akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa mara mbili, nikampenda. Akasema, "Bibi, nimeambiwa wewe ndiye msimuliaji wa kijiji. Nataka sauti yako." Nikamwambia, "Sauti yangu niitoe, mimi nitabaki na nini cha kumgombeza mume?" Akacheka, akatoa simu ya kupangusa.

Nieleze hapa ili tusiachane. Ndani ya ile simu alikuwa na kadi. Si kadi za kliniki, hata mimi nilidhani hivyo. Ni kadi zisizoshikika, zinaonekana tu kwenye kioo. Upande mmoja ameandika neno la Kiswahili, "tumbo", ukiigusa inageuka, upande wa pili kuna neno la Kiha kwa herufi alizobahatisha, na pembeni kuna kialama kidogo cha spika. Ukikibonyeza, sauti ya mtu inalitamka lile neno. Hiyo sauti ndiyo aliyokuwa hana. "Herufi hazinisaidii, Bibi. Kiha kinapanda na kushuka kama barabara yenu. Lazima nisikie." Na zile kadi zilikuwa na akili ya ajabu. Akipatia neno, kadi inaondoka inakwenda kutembea siku tatu, kisha wiki, kisha mwezi. Akikosea inarudi kesho yake asubuhi, na kesho kutwa, na mtondo, mpaka apatie. Kumbukeni hilo, nitalihitaji mbele.

Tulirekodi chumbani kwangu, kwa sababu jikoni kuna kuku na barazani kuna majirani. Tuliziba dirisha kwa blanketi, tukakaa kitandani magoti yakigusana, jasho linatutoka. Tabu ya kwanza ilikuwa salamu. Ananielekezea simu mdomoni, anasema, "Haya, 'tumbo'." Mimi napiga makofi mawili madogo kama inavyotakiwa, nasema, "Mwakeye, mwanangu, nyumbani Tanga hawajambo? Na mama? Haya, tumbo..." Anakata. "Bibi, neno peke yake. Usiniamkie kwanza."

"Nitamtupiaje mtu neno bila salamu? Ni jiwe hilo?"

"Hapa hakuna mtu, Bibi. Ni kadi."

"Kwani anayeisikiliza kadi si mtu?"

Mwisho alikubali nisalimie nipendavyo, halafu yeye anaikata salamu kwa kidole, kama anayemenya ndizi, anabakiza neno. Kichwa, mgongo, maji, mtoto, lala chali, vuta pumzi, usisukume bado. Kwenye kadi ya "damu" jogoo wangu aliwika, na Zuhura akaacha hivyo hivyo. Mpaka leo sijui kama kuna nesi anadhani kwa Kiha damu lazima iwe na jogoo. Kisimani wanawake walinicheka. "Mama Fidelisi amefungiwa kwenye simu, subirini aombe kutoka." Mimi nikawajibu kwamba wao hata kwenye debe hawatoshi. Lakini wifi yangu Skolastika hakucheka. Skolastika alikuwa mwanamke wa maneno machache. Mimi naongea kikapu, yeye anaongea kiganja. Aliniangalia, akaweka ndoo chini, akasema, "Wifi, sauti ni ya mtu kuondoka nayo. Siku ukifa, ikibaki, itamwita nani?" Akajitwisha ndoo akaenda. Lilinichoma lile swali. Nikajifanya halijanigusa.

Halafu ikaja kadi ya "inaniuma sana". Hapa niseme kweli, kwa kuwa niliowakosea wengine hawapo. Mimi ni mtu wa hadithi. Nikisimulia fisi, nakuwa fisi, na matangani nimewahi kumliza mzee wa baraza kwa kisa cha mbuzi. Zuhura alipoinyanyua simu na kusema, "Kama mtu mwenye uchungu, Bibi," sikuliona neno, niliona jukwaa. Nikashika kiuno, nikatupa kichwa nyuma, nikatoa "Mawe weee!", yaani mama yangu wee, na lile neno la maumivu nikalivuta likazunguka chumba kizima. Blanketi likaanguka dirishani. Zuhura alicheka mpaka akalala kitandani mwangu. "Hii siifuti hata kwa fimbo," alisema. Kila jioni akiosha vyombo nyuma ya nyumba ya nesi alizifungulia zile kadi, nami nikitafuta sababu ya kupita pale. Nasikia sauti yangu inatoka dirishani, inauliza, inaamuru, inalia, na naye anarudia. Nilitembea polepole kama bibi harusi.

Sasa yawapasa mjue jambo ambalo sisi wenyewe hatulisemi, kwa vile hakuna wa kumwambia, kila mtu analijua. Kwetu mwanamke hapigi kelele akijifungua. Anayepiga kelele husemwa mpaka yule mtoto aje kuoa. Binti aliyelelewa, uchungu ukimbana, anatazama chini, anavuta pumzi kwa pua, anasema "inauma kidogo" kwa sauti ya kuomba chumvi kwa mama mkwe. Mkunga wa kwetu akiisikia ile pumzi anaacha alichoshika. Mimi nilijua. Nimezaa mara sita kwa pumzi hiyo. Kwenye kadi nikaweka mayowe.

Neema, binti wa Skolastika, alikuwa ameolewa Kitanga, upande wa Kasulu, akaja kwa mama yake kujifungua mimba ya kwanza. Ilikuwa siku ya kliniki ya watoto, zahanati imejaa migongo na vilio, mganga ameitwa mjini kwenye mkutano, Zuhura yuko peke yake na mzani. Skolastika alimfikisha binti yake mlangoni, mihogo yake iko nje inaanikwa na mawingu yamekaribia, akanitazama mimi niliyekaa kwenye benchi na kina mama. "Wifi, mwangalie." Ndilo neno pekee alilonipa. Neema akaingia, nami nikamfuata hadi kizingitini, na Mungu anisamehe, sikumfuata Neema, nilifuata kusikia Kiha cha mwanafunzi wangu. Zuhura akamuuliza, kwa Kiha kilichonyooka, na wimbo wake ulikuwa wangu kabisa, kama amenivaa mdomo, "Inauma?" Neema akatazama sakafu. Akavuta pumzi kwa pua. Akasema inauma, kidogo. Zuhura alimgusa tumbo kwa haraka, mtoto mwingine analia kwenye mzani, akageuka kwangu akitabasamu. "Huyu bado kabisa, eti Bibi?" Na mimi nikamjibu, "Umesema vizuri sana, mwanangu." Nilikuwa nasifu Kiha chake.

Akamwambia Neema atembee tembee, arudi saa sita. Hakutembea. Alikaa karibu yangu kwenye benchi, mikono imeshika ubao. Mimi nilikuwa katikati ya kisa, kina mama wameniinamia, na kisa kilikuwa kimefika penye utamu. Niliona vidole vyake vimebadilika rangi. Niliona jasho juu ya mdomo, na baridi ilikuwepo. Niliona, sisemi sikuona. Nikajiambia, nimalize tu hapa fisi anapoingia shimoni, kisha nimwite nesi. Mama mmoja wa mwisho wa benchi akainua mguu wake, akachungulia chini. Akasema, "Jamani, hii damu ni ya nani?" Kile kisa sijakimaliza mpaka leo, wala sikisimulii.

Gari la wagonjwa lilimpeleka Kibondo mjini. Nilikaa nyuma nimeshika kichwa chake, barabara inaturusha, na njia nzima Neema hakupiga kelele. Kila kishimo alivuta ile pumzi. Hospitali walimpokea mbio wakafunga mlango. Skolastika akafika kwa bodaboda, unga wa muhogo umemkauka mikononi mpaka kwenye viwiko. Hakuniuliza. Alikaa kwenye benchi lile lile nililokaa, akaacha nafasi ya watu wawili katikati yetu, na nafasi ile niliihofia kuliko mlango. Kuna mtu karibu yetu alikuwa anakula chapati na chai, anasimulia bei ya maharage, na nilitamani nimwombe asiache kuongea, kwa sababu akinyamaza nitausikia moyo wangu. Daktari alipotoka alisema, "Mama mtu tumemwahi." Tukasubiri amalizie. Alivua miwani, akaifuta, na hakumalizia.

Siku ya nne Zuhura alikuja jikoni kwangu. Nilimpakulia, hakugusa. Akaiweka simu juu ya kinu, akabonyeza. "Mawe weee!" Sauti yangu, ndani ya jiko langu, na nje kuku wakatawanyika.

"Bibi. Mkiumwa, hivi ndivyo mnavyosema?"

"Hapana."

"Sasa hii ni nini?"

"Hivyo ndivyo ninavyosimulia."

Akaichukua simu juu ya kinu. Akasema, "Nilikuwa nasubiri mayowe, Bibi. Nilimwona yule dada ametulia, nikasema akizidiwa nitamsikia. Ilinipasa nimpime vizuri, najua, hilo ni langu na nimeliandika kwenye ripoti kwa mkono wangu. Lakini masikio yangu yalikuwa yanakusubiri wewe." Hakunigombeza. Laiti angenigombeza.

Miezi iliyofuata ndipo nilipozielewa zile kadi. Uliyoikosea inarudi kesho asubuhi. Nafungua macho, benchi hili hapa. Napepeta maharage, vidole hivi hapa. Zuhura aliacha kuongea Kiha. Akauliza kwa Kiswahili na mikono, na kila mjamzito aliyeingia alimpima mara tatu, na nyumba yake ya nesi ilikuwa na begi lililofungwa zipu nusu, kwa sababu alishaomba kuhamishwa. Nilikuwa nahesabu matumbo ya kijiji. Yule wa mwalimu, miezi saba. Yule wa chini kisimani, wa nane. Nani atamsikia huyu? Skolastika alichota maji saa nyingine na mimi, akipita uwani kwangu anatazama mbele. Neema alirudi kwa mumewe Kitanga, hakuja kuniaga, na sikumtegemea aje. Mume wangu alisema, "Nenda ukamwombe msamaha." Nilikwenda mara mbili. Mara zote nilifika kwenye ua wake nikaanza kukohoa, kisha nikarudi. Mimi, mtu wa maneno, sikuwa na hata moja.

Ilikuwa tunapiga maharage. Nilikuwa chumbani natafuta ungo, nikasikia mtu anaingia bila hodi, nikajua ni yeye, ndugu tu ndiye huingia hivyo. Skolastika alisimama mlangoni, makapi ya maharage yamejaa kwenye kitambaa cha kichwa. "Mwite yule nesi alete simu." Nikasema, "Wifi..." Akainua mkono. "Ninyamazie. Asubuhi ile nilimwambia Neema asinitie aibu mbele ya mgeni. Nilimwambia, ukilia, usirudi kwangu. Wewe ulimfundisha nesi kelele, mimi nilimfundisha mwanangu ukimya, na katikati yetu mtoto akapotea. Mwite." Akakaa kitandani, upande ule ule niliokuwa nakaa mimi, akalivuta blanketi mwenyewe akaziba dirisha.

Zuhura alikuja mbio hata simu ikamponyoka. Hakuwa na haja ya kumwelekeza. Skolastika alitazama sakafu. Muda ukapita, nikadhani ameghairi. Kisha akavuta pumzi kwa pua, fupi, kama mtu aliyekanyaga mwiba na hataki wenzake wajue, akasema lile neno, na "kidogo", kwa sauti ya chini. Basi. Zuhura akasikiliza alichorekodi, akapeleka kidole mwanzoni akate ile pumzi abakize neno, maana ndivyo tulivyozoea kukata salamu. Nikamshika mkono. "Usikate. Neno si kitu. Hiyo pumzi ndiyo uliyoifuata." Akaacha. Kisha akaandika kitu nyuma ya kadi, mahali pa maana ya neno, nikamwomba anisomee. Alikuwa ameandika, "Akisema hivi, inuka."

Nikapika chai. Skolastika aliinywa yote, akaukung'uta mkono, akamuuliza Zuhura, "Na nikifa?" Zuhura akanitazama mimi, mimi nikatazama sufuria. Skolastika akasema, "Haya," akaenda kumalizia maharage yake. Kesho yake tulichota maji pamoja. Hatukuzungumza juu ya jambo lile tena, miaka yote, na Zuhura hakuondoka mwaka ule. Alikaa miaka mitatu, akahamia Kasulu, baadaye akarudi kwao Tanga. Kadi alizirushia manesi wenzake, nao wakawarushia wengine.

Hayo ndiyo yaliyokuwa moyoni mwangu makaburini wakati mke wa katekista ananiuliza. Wiki ya tano baada ya mazishi Neema akanipigia simu. Ana watoto wawili sasa, na mimba nyingine, na mama yake hayupo tena wa kumshika mkono. "Shangazi, njoo." Sikutarajia aniite mimi. Nilikwenda Kasulu. Tukaingia hospitali mchana, na nesi wa zamu alikuwa msichana mrefu wa Lindi, kalamu ameichomeka kwenye nywele, anapekua daftari kubwa, na foleni ilikuwa ndefu, na kulikuwa na mzani na mtoto analia. Kila kitu kilikuwa kama kile. Akamuuliza Neema kwa Kiha cha kuungaunga, "Inauma?" Neema akatazama sakafu. Nikafumbua mdomo nipige kelele kwa niaba yake, nipige mayowe yangu yote ya hadithi, safari hii kwa haki. Neema akavuta pumzi kwa pua. Akasema, kidogo.

Yule nesi aliinuka kabla neno halijaisha. Kiti kikaanguka nyuma yake. Alimshika Neema kwapani, akaita wenzake, wakaingia naye ndani, na mimi nikabaki na kalamu iliyodondoka sakafuni.

Jioni, mtoto analia vizuri na Neema ameshakunywa uji, nilimfuata yule nesi kurudisha kalamu yake. Nikamuuliza alijuaje. "Tuna kadi ya bibi mmoja, Bibi," akasema, kama anayesema habari ya kawaida, akatoa simu, akabonyeza. Pumzi. Neno. Kidogo. Mlango wa wodi ulikuwa wazi, na nikamwona Neema amegeuza kichwa kwenye mto, anatazama mlangoni, anasubiri mtu aingie. Nesi alitaka kuirudisha simu mfukoni. Nikamwambia, "Mwanangu, naomba uibonyeze tena." Nikaingia, nikakaa kitandani kwa Neema. Tukasikiliza.